Bwana Mdogo Ametaga

Siku ya ukaguzi wa mwezi wa tano, Yusta Mgaya alifika kwa Tukuswiga Mligo saa tatu asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado umelalia mabati. Alikuta mlango umefungwa. Miezi yote iliyopita mwenyeji wake alimngoja barazani, mkono wa kulia ameshaufungua bendeji, akiwa na hamu ya kusikia umekua kiasi gani.

Akabisha mara mbili.

"Kamwene, Mama Lwitiko."

"Kamwene," sauti ikaitika kutoka ndani. "Ngoja kidogo, mdogo wangu. Nakuja."

Yakasikika maji yakimwagwa uani, ndoo ikagonga sakafu, ndipo mlango ukafunguliwa. Tukuswiga alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mpana wa mabega, aliyeendesha msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao kwa miaka kumi na minane, mpaka siku gogo lilipogeuka ghafla na kuupeleka mkono wake kwenye meno ya chuma. Pale palipobaki kigutu sasa palikuwa na kiganja kipya, rangi yake nyepesi kuliko ya mkono uliokibeba. Kidole gumba kilikuwa kamili. Cha shahada kamili. Cha kati kilikuwa kimefika kiungo cha pili. Viwili vya mwisho vilikuwa vinundu tu, kama njugu zilizofichwa chini ya ngozi.

"Cha kati kimeanza kuwasha tangu juzi," alisema, akiuinua mkono kwenye mwanga wa dirisha. "Kikiwasha najua kinakua. Kikimaliza, kinafuata cha pete, na kikifika hicho narudi bendi. Tarumbeta ina vitufe vitatu, Yusta. Siombi zaidi ya vidole vitatu. Hicho cha mwisho hata kisipokuja, basi."

Alisema mengi kuliko kawaida yake, na haraka kuliko kawaida yake. Yusta alitabasamu, akatoa kishikwambi na vifaa vyake, akamfuata chumba cha nyuma.

Tangi la kioo lilikuwa kwenye kona yenye baridi kuliko zote za nyumba ile. Ndani yake alikaa Bwana Mdogo, aksoloti mwenye urefu wa shubiri moja na ushee: miguu minne mifupi, mkia bapa kama wa kambale, na matamvua mekundu yaliyochanua nje ya shingo kama manyoya. Mwili ulikuwa mweupe wenye kuelekea uwekundu, na mdomo mpana ulikaa kwa namna ambayo mgeni angedhani mnyama anacheka. Jina alipewa na Lwitiko, binti wa nyumba ile, kabla hajaenda chuo Iringa. Kituo cha tiba kilichowapa kilikuwa kimesema wote wanaotolewa kwa wagonjwa ni madume.

Yusta alilowesha mikono, akamwinua kwa uangalifu na kumlaza kwenye sinia yenye maji. Akapima urefu: sentimita ishirini na tatu. Akapima uzito, akaandika. Kisha akamshika juu ya kioo kidogo ili amwone upande wa tumbo, nyuma ya miguu ya nyuma, mahali lilipo tundu la haja. Dume likikomaa huvimba hapo pande zote mbili, kama punje mbili za maharage chini ya ngozi. Ndicho kipimo pekee kilichoandikwa kwenye mwongozo wa wakaguzi. Kuna uvimbe, mnyama amekomaa. Hakuna uvimbe, bado.

Bwana Mdogo hakuwa na uvimbe wowote. Palikuwa bapa, kama mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake.

Kwenye kishikwambi palikuwa na visanduku vitatu vya kubonyeza: Me, Ke, na Bado. Cha Ke kilikuwa cha kijivu. Hakikubonyezeka, kwa kuwa kituo hakikuwa na majike. Kidole cha Yusta kilikuwa kimeshafika juu ya Bado alipomtazama tena mnyama kwa juu na kusita.

Ubavu wake ulikuwa umepita upana wa kichwa. Alikuwa ametuna kama aliyekula mara mbili, lakini tumbo halikuwa limeshuka kama la mnyama aliyeshiba. Lilikuwa limejaa pande zote sawasawa. Ncha za vidole vyake, zilizopaswa kuwa nyeupe, zilikuwa nyeusi kama zimechovywa kwenye wino. Yusta akageuka kulitazama tangi. Lilikuwa limetoka kuoshwa. Majani yote ya majini yaliyokuwamo mwezi uliopita yalikuwa yameng'olewa, kikabaki chungu kilicholazwa ubavu, ambacho mnyama alikitumia kama pango.

Akaingiza mkono, akakigeuza chungu. Chini ya ukingo wake vilikuwa vimenata vidonge vitatu vya ute mwangavu, na katikati ya kila kimoja palikuwa na nukta nyeusi.

"Mama Lwitiko, hivi ni nini?"

"Povu. Nimeosha kwa sabuni kidogo."

"Povu halina kiini."

Tukuswiga alivuta kigoda, akakaa, akauweka mkono mpya mapajani na kuufunika na ule wa zamani.

"Mayai yalianza lini?" Yusta akauliza.

"Jumapili, wiki tatu zilizopita. Nimetoka ibadani nikakuta majani yote yamejaa. Kama mia tatu hivi. Nikayakwangua nikayamwaga kwenye matuta ya kabichi. Jana yamekuja tena."

"Na kumkata?"

"Ijumaa zote tatu nimemkata."

Ndivyo tiba ile ilivyokwenda. Kila Ijumaa mgonjwa alikata ncha ya mkia wa mnyama wake, kipande kama punje ya mahindi, akakilaza juu ya kigutu na kukifunga bendeji. Damu ya mgonjwa ilikuwa imechanganywa na yai la mnyama kabla halijaanguliwa, kwa hiyo mwili ulikipokea kile kipande kama chake, ukakumbushwa namna ya kuota upya. Mkia wa aksoloti ulirudi ndani ya siku chache. Hakuumia, kwani mishipa yake ya maumivu ilikuwa imelazwa tangu yaini, isiamke mpaka homoni za ukubwa zije. Homoni hizo zilitarajiwa mwaka wa tatu, mgonjwa akiwa ameshapona. Na sheria iliyoruhusu tiba ile ilikuwa na sharti moja lisilo na msamaha: mnyama akikomaa, hakatwi tena.

"Anafanyaje ukimkata?"

Tukuswiga alitazama sakafu.

"Zamani alikuwa anakaa tu. Unakata, yeye anangoja mnyoo wake. Sasa anajikunja." Akaonyesha kwa kidole cha shahada, kikijipinda kama ndoano. "Nikasema labda ni baridi ya maji."

"Unaamini ni baridi?"

"Hapana."

Yusta aliyaokota yale mayai matatu kwa kibano, akayatia kwenye kichupa. Hakuna dume lililokuwa limekaribia tangi lile, kwa hiyo yasingeanguliwa. Lakini yalikuwa mayai. Hakubonyeza kisanduku chochote siku ile. Alimwambia Tukuswiga kwamba angerudi Ijumaa, na kwamba asimkate mnyama kabla ya kufika kwake.

"Ukiandika amekomaa," Tukuswiga alisema wakiwa mlangoni, "nitapewa mwingine?"

"Mwili wako umeshamzoea huyu. Mwingine utamkataa. Unajua, walikueleza siku ya kwanza."

"Nilitaka nikusikie wewe ukisema."

*

Dakta Mwalongo, mkuu wa kituo, alikiweka kichupa chini ya hadubini, akakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa wake majumbani hata baada ya kupandishwa cheo.

"Jike," akasema hatimaye. "Dawa ya mayai, ile ya kuwafanya wote madume, haikushika kwa huyu. Inatokea. Mmoja."

"Si mmoja, Dakta."

Yusta alikuwa amekesha na mawazo tangu alipotoka kwa Tukuswiga, na asubuhi ile alikuwa amefungua picha za wanyama wake wote sitini na watatu, kila mmoja amepigwa kwa juu, mwezi kwa mwezi. Akaziweka mezani. Ukishajua unachotafuta huhitaji kuinama. Madume vijana walikuwa wembamba, kichwa kipana kuliko ubavu, mkia mrefu. Lakini katikati yao walikuwapo wengine waliokuwa wamejaa ubavuni, mkia mfupi kidogo, vidole vya ncha nyeusi, na kwa kila mmoja wao mkaguzi aliandika neno lilelile: Bado. Walikuwa kumi na tisa.

"Tumekuwa tukitafuta uvimbe kwa wanyama wasioweza kuvimba," Yusta alisema. "Jike halivimbi. Tungengoja mpaka afe kwa uzee, na kila mwezi tungeandika ni mchanga."

Dakta Mwalongo alizipanga zile picha kwa mstari, akazipanga tena.

"Watu kumi na tisa," alisema. "Huyu wa Makambako amebakiza kisigino. Huyu mama wa Lupembe amebakiza kope la jicho moja tu, kope, Yusta. Ukifungua kisanduku cha Ke leo, wote hawa wanasimama walipo. Hawatapata kingine maishani. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na kwamba ute wa mayai na vidole vyeusi si ushahidi wa maumivu? Ni ushahidi wa ukubwa. Inawezekana mishipa ya majike bado imelala. Hatujui."

"Kuna kipimo cha siki."

"Kipo." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe. "Sikukatazi kupima. Nakwambia tu kwamba ndani ya miezi mitatu wengi wao watakuwa wamemaliza. Kama hujapima, hujui, na kama hujui, ulichoandika si uongo. Baada ya hapo pima wote, mimi nitakuwa wa kwanza kutia sahihi."

Yusta alizikusanya picha zake. Lililomkera ni kwamba alitaka kukubali. Alikuwa amemjua Tukuswiga tangu kigutu kikiwa kibichi. Alikuwapo kucha ya kwanza ilipochomoza, laini kama ngozi ya kitunguu, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Na miezi mitatu si mingi. Lakini alipoyahesabu mambo kwa upande wa pili wa kioo, miezi mitatu ilikuwa Ijumaa kumi na tatu.

*

Ijumaa alikuta kila kitu kimeandaliwa: kijembe kimechemshwa, bendeji imekunjuliwa, sinia ina maji. Tukuswiga alikuwa amevaa gauni la kanisani, kana kwamba wanakwenda mahali.

"Leo sitakata," Yusta alisema. "Nitamdondoshea siki. Kidogo sana, imechanganywa na maji. Nitaweka pale ulipomkata mara ya mwisho. Kama mishipa imelala, hatafanya kitu."

"Na kama imeamka?"

"Tutaona wote."

Aliweka kishikwambi kirekodi, akamlaza Bwana Mdogo kwenye sinia. Kwanza alimdondoshea tone la maji matupu. Mnyama alitulia, matamvua yakicheza taratibu. Kisha akachovya kijiti kwenye siki, akagusa ncha ya mkia.

Kwa muda wa pumzi moja hakikutokea kitu, na Tukuswiga akaachia "Aa!" ya furaha. Halafu mnyama akajipinda mzima, akaleta mguu wa nyuma mpaka kwenye mkia, akaanza kupafuta pale. Alipafuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa vidole vile vyeusi, kama mtu anayejaribu kubandua kaa la moto lililomnata. Yusta akamwagia maji safi haraka. Hata baada ya siki kuondoka aliendelea kujifuta.

Nje jirani alikuwa akipasua kuni.

"Amekomaa," Yusta akasema.

"Nimeona."

"Mama Lwitiko, inabidi niandike."

Hapo ndipo Tukuswiga alipoinuka.

"Andika! Wewe una vidole kumi, kwa nini usiandike? Unaandika kwa mkono gani? Nionyeshe. Si huo wa kulia?" Sauti yake haikuwa kubwa. "Miaka miwili nimevaa kanga kwa meno. Miaka miwili nimenyoa nywele kwa sababu siwezi kusuka. Bendi inapita hapo barabarani siku za sherehe, mimi nafunga dirisha. Leo nimebakiza kidole kimoja na nusu, unakuja na siki. Mnyama huyu anakula minyoo, Yusta. Akijeruhiwa anapona kesho. Mimi nitapona lini?"

Yusta alisema tu, "Ungekuwa wewe ndiye mwenye kishikwambi, ungeandika nini?"

"Ningeandika Bado!" Tukuswiga alijibu bila kufikiri. Kisha akamtazama mnyama, aliyekuwa amejibana kwenye pembe ya sinia, mbali na mikono yao wote wawili, mkia ameukunja chini ya tumbo. "Ningeandika Bado," alirudia, safari hii polepole, "na Ijumaa ijayo ningemkata, na angejifuta hivyohivyo. Toka kwangu."

Yusta alimrudisha mnyama tangini, akatoka. Akiwa amekaa ndani ya gari aliituma ile rekodi kwa Dakta Mwalongo, bila maelezo. Akangoja. Ilipita saa nzima. Wanawake walipita na matenga ya viazi, ukungu ukafunguka, ukajifunga tena. Mwishowe kioo cha kishikwambi kikapepesa, na kile kisanduku cha kijivu kikawa cha kijani. Dakta hakuandika neno hata moja. Yusta alibonyeza Ke, kisha Amekomaa, na mashine ikafanya iliyobaki: bendeji za Tukuswiga zikasimamishwa, jina lake likahamia orodha ya waliofungiwa tiba.

*

Kuwafikia wale kumi na wanane waliobaki kulimchukua siku tisa. Si wote waliokuwa na mayai. Wanyama watatu hawakujifuta walipopimwa, wagonjwa wao wakaachwa waendelee. Kumi na watano walijifuta. Mtu wa Makambako alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akafunga mlango taratibu. Mama wa Lupembe alimuuliza kama macho yasiyofungika sawasawa yanaweza kushonwa, Yusta akasema atauliza, na kweli akauliza, yanaweza. Kijana wa ufundi umeme alimtukana kwa maneno ambayo hakuyaandika kwenye taarifa yake.

Sheria ilimpa kila mgonjwa hiari. Anaweza kubaki na mnyama na kumlisha maisha yake yote, ambayo huenda yakafika miaka kumi na mitano, au anaweza kumrudisha kwenye bwawa la kituo. Karibu wote walirudisha. Haikuwa rahisi kukaa nyumba moja na kitu ulichokuwa ukikikata. Tukuswiga naye alituma ujumbe mfupi: Njoo umchukue.

Yusta alikwenda na ndoo ya kusafirishia, akiwa ameshaijaza maji ya baridi ya bwawani ili mnyama asishtuke. Tukuswiga alikuwa uani, akipanda miche ya kabichi kwa mikono yote miwili. Aliitikia salamu bila kuinua uso. Kidole cha kati kilikuwa kimesimama pale kilipokuwa siku ile, ncha yake butu, bila kucha.

"Yuko ndani," alisema. "Lakini kabla hujamchukua, nikuulize. Ameanza kusikia maumivu lini? Si mayai. Mayai nayajua mimi. Naulizia maumivu."

Yusta alikuwa ameingia nyumba kumi na nane, na hakuna aliyemuuliza swali hilo. Akaiweka ndoo chini.

"Siwezi kukuambia siku. Lakini vidole huanza kuwa vyeusi wakati homoni zinaamka, na mishipa inaamka nazo. Vyake vilianza mwezi wa kwanza."

"Umejuaje mwezi wa kwanza?"

"Niliviona."

Tukuswiga aliacha kupanda.

"Niliviona nikashangaa," Yusta akaendelea, akijilazimisha asiharakishe. "Mwongozo haukusema chochote juu ya vidole, lakini chuoni tulifundishwa. Nilikumbuka. Kwenye maelezo nikaandika, 'madoa ya majani.' Mwezi wa pili nikaandika hivyohivyo. Wa tatu na wa nne pia. Mkono wako ulikuwa unakua vizuri, nikataka yawe madoa ya majani."

Kwa mbali mashine ya mbao iliunguruma, ikatulia. Tukuswiga alipangusa udongo kwenye kiganja kipya, kidole kimoja baada ya kingine, vile vilivyokuwapo. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na Yusta akatambua kwamba anahesabu.

"Mimi nilimkata Ijumaa tatu nikijua," alisema hatimaye. "Wewe ulinikatisha kumi na nne zaidi."

"Ndiyo."

"Kumi na saba zote wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mama Lwitiko."

Tukuswiga akainuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Hakuwa amekasirika kama siku ile ya siki. Alisimama tu, mabega yake mapana yakiwa yameujaza mlango.

"Basi rudi na ndoo yako," alisema. "Nilidhani namkabidhi kwa mtu aliye afadhali kuliko mimi."

Yusta aliinama, akaibeba ndoo iliyojaa mpaka juu, akashuka nayo hatua kwa hatua hadi barabarani, maji yakimrukia viatuni.